Dhahabu ya Geita: Kinachotoka Mgodini na Kinachoingia

Dhahabu yote izalishwayo na mgodi mkubwa wa Geita kwa mwaka mzima yaweza kupakiwa katika lori moja. Hesabu yake si ngumu. Katika miaka ya karibuni mgodi huo umekuwa ukitoa wakia nusu milioni hivi kwa mwaka. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo wakia nusu milioni ni tani 15 na nusu. Na kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, tani hizo zote hazijazi hata sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja.

Ili sanduku hilo lipatikane, tani milioni 5 hivi za mwamba husagwa kila mwaka mpaka ziwe unga. Kazi hiyo hutafuna chuma, chokaa, baruti, sayanaidi, kaboni, mafuta, matairi na vipuri kwa maelfu ya tani. Hivyo mgodi wa dhahabu una milango miwili. Katika mlango mmoja hutoka mzigo mdogo wenye thamani kubwa. Katika mlango wa pili huingia mzigo mkubwa usiokoma, mchana na usiku. Taifa la Tanzania limeukodolea macho mlango wa kwanza kwa zaidi ya miaka 20. Mlango wa pili, ambao ndio mlango wa viwanda, umeachwa karibu bila mlinzi.

MJADALA WA KINACHOTOKA

Hapana shaka kwamba mlango wa kwanza ulistahili kulindwa. Miamba ya kale iliyotapakaa kusini mwa Ziwa Viktoria, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, ndiyo hazina kuu ya dhahabu nchini. Mgodi wa kwanza mkubwa wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966, na kwa muda mrefu baada ya hapo dhahabu ilikuwa haina uzito katika hesabu za mauzo ya nje. Hali ilibadilika upesi baada ya sheria ya madini ya mwaka 1998. Nzega ilifungua mgodi wake mwaka huo huo; Geita ukafunguliwa upya mwaka 2000; Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukaanza uzalishaji mwaka 2001; na Buzwagi ukafuata mwaka 2009. Mnamo mwaka 2023 dhahabu iliingizia nchi zaidi ya dola bilioni 3 za Marekani, zaidi ya theluthi moja ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa ng'ambo.

Masharti ya mwanzo yalikuwa hafifu. Mirabaha ya dhahabu ilikuwa asilimia 3 tu. Halmashauri za wilaya, badala ya kupata ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ya mgodi, kwa miaka mingi zilipokea dola 200,000 kwa mwaka, kiwango kilichokwisha pangwa katika mikataba, bei ya dhahabu ipande au ishuke. Sheria ya mwaka 2010 iliongeza mirabaha kufikia asilimia 4. Mwezi Machi 2017 serikali ilizuia kusafirishwa kwa makinikia, yaani ule mchanga mzito wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukipelekwa kuyeyushwa ng'ambo. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, na kamati mbili za wataalamu zikaundwa. Sheria mpya za mwaka huo zikapandisha mirabaha hadi asilimia 6, zikaweka ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mgogoro ukaisha kwa kuundwa kampuni ya ubia, Twiga, baina ya serikali na Barrick.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mapambano ya mwaka 2017 yalikuwa, kwa kiini chake, mapambano ya daftari: nani apime, nani aandike, nani aamini kipimo cha nani. Hilo lilikuwa jambo la lazima. Lakini daftari hugawa kilichokwisha kupatikana; halizalishi kitu kipya. Mirabaha hujenga barabara na zahanati, nayo ni mema yasiyopingika. Hata hivyo kodi haimfundishi mtu kuyeyusha chuma. Nchi yaweza kupokea kila senti inayoistahili kutoka mgodini, na bado ikabaki nchi isiyojua kutengeneza hata nyundo ya kupasulia jiwe hilo la dhahabu.

JE, KUSAFISHA DHAHABU NI VIWANDA?

Wako wanaojibu kwamba dawa ni kuongeza thamani, na kwa msemo huo humaanisha kusafisha dhahabu hapa hapa nchini. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafishia dhahabu kilizinduliwa Mwanza, ambamo Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina hisa. Na Geita pia imepata chake. Hatua hizo zina faida zake. Nchi inayosafisha dhahabu yake hupata mizani yake yenyewe na maabara yake yenyewe, na Benki Kuu hupata dhahabu safi ya kuweka akiba.

Lakini mwanafunzi wa kemia ataona upesi mpaka wa faida hiyo. Mkuo utokao katika tanuri ya mgodi tayari ni dhahabu kwa sehemu kubwa, uliochanganyika na fedha na madini mengine kidogo. Kazi ngumu imekwisha fanyika: kupasua, kusaga, kuyeyusha kwa kemikali, kunasa na kuchoma. Kinachobaki kwa msafishaji ni kuondoa uchafu wa mwisho, na ujira wake huwa chini ya asilimia moja ya thamani ya dhahabu yenyewe. Watu wanaoajiriwa ni wachache. Kwa hiyo kusafisha ni kuweka lakiri juu ya bahasha. Barua yenyewe imekwisha andikwa mahali pengine.

Kwa pamba mambo ni tofauti, na wakazi wa Shinyanga wanalijua hilo kuliko wengi. Pamba mbegu ikishachambuliwa, takriban theluthi moja ya uzito wake huwa pamba nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mbegu. Mbegu hutoa mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe. Nyuzi hutoa uzi, uzi hutoa kitambaa, na kitambaa hutoa vazi. Kila hatua ni kiwanda, na kila kiwanda ni ajira. Pamba huongezeka thamani kwa kusonga mbele. Dhahabu, kinyume chake, haina safari ndefu mbele yake: ikishasafishwa, nyingi huishia kuwa kito au akiba katika kabati la benki. Viwanda vya dhahabu haviko mbele yake. Viko nyuma yake, katika vitu vinavyotumiwa kuipata.

MLANGO WA PILI

Yafaa vitu hivyo vitajwe kimoja kimoja.

Cha kwanza ni gololi za chuma. Ndani ya kinu cha kusagia mwamba, maelfu ya gololi huzunguka na kuyaponda mawe mpaka zenyewe zinalika. Kwa mwamba mgumu, kinu hula nusu kilo hadi kilo moja, au zaidi, ya chuma kwa kila tani inayosagwa. Mgodi unaosaga tani milioni 5 hutafuna basi maelfu ya tani za gololi kila mwaka. Uzito wa chuma kinachoteketea ni mara mia kadhaa ya uzito wa dhahabu inayopatikana.

Cha pili ni chokaa. Sayanaidi huyeyusha dhahabu katika maji, lakini maji yakiwa na asidi, sayanaidi hugeuka kuwa hewa ya sumu na kupotea. Chokaa huyaweka maji katika hali ya alikali, na hivyo huwalinda wafanyakazi na kuokoa kemikali. Tanzania ina mawe ya chokaa tele, na Tanga imeyachoma tangu zamani.

Cha tatu ni kaboni ile inayoinasa dhahabu iliyoyeyuka, kama sifongo inasavyo maji. Kaboni inayopendelewa migodini hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa ni migumu na haivunjikivunjiki. Pwani ya Tanzania, Mafia na Unguja zina minazi isiyohesabika, lakini vifuu vingi huishia jikoni kuwa kuni.

Cha nne ni baruti. Asili ya baruti za migodini ni nitrati ya amonia, na kemikali hiyo hiyo ni mbolea. Amonia hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ya Songo Songo imekuwa ikitiririka hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kiwanda kimoja cha amonia kingeweza kumhudumia mchimbaji wa Geita kwa mkono mmoja na mkulima wa pamba wa Maswa kwa mkono wa pili.

Vitu hivyo vinne havina mng'aro. Hakuna anayepiga picha mbele ya mfuko wa chokaa. Lakini kila kimoja kina tabia ambayo dhahabu haina: hutumiwa pia nje ya mgodi. Aliyejifunza kutengeneza gololi amejifunza kupima kaboni na kromi katika chuma, kukipasha moto na kukizimisha kwa kipimo, na ujuzi huo ndio utengenezao jembe la plau, ekseli ya mkokoteni na gia za mashine ya kuchambulia pamba. Dhahabu itakwisha; ujuzi wa chuma haukwishi.

SOMO LA MIAKA YA 1970

Wazo hili si geni nchini. Mwaka 1973 mwanauchumi Mtanzania Justinian Rweyemamu alitoa kitabu kuhusu maendeleo duni na viwanda vya Tanzania. Alionyesha kwamba viwanda vilivyorithiwa na vilivyoongezwa baadaye havikuwa na uhusiano wa kutosha vyenyewe kwa vyenyewe: kila kimoja kilikuwa na kamba ndefu kwenda ng'ambo na hakikuwa na hata uzi kwenda kwa jirani yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, taifa lilichukua mkakati wa viwanda vya msingi, wenye lengo la kuzalisha chuma, kemikali na mashine ambazo viwanda vingine vingezitegemea.

Kwa nini basi mkakati huo haukuzaa ulichotarajia? Sababu ziko nyingi, lakini moja yafaa ikumbukwe daima. Viwanda vingi vilijengwa nchini huku mahitaji yake yakiendelea kutoka nje. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza mwaka 1972, kilitegemea malighafi zilizoagizwa ng'ambo. Viwanda vya nguo vilikuwa na pamba mlangoni, lakini vipuri na rangi vilihitaji fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipoyakausha mapato, fedha za kigeni zikaadimika na mashine zikasimama. Hazikusimama kwa kukosa wateja, wala kwa uvivu wa wafanyakazi. Zilisimama kwa kukosa dola.

Hapo ndipo ilipo nafasi ambayo wapangaji wa mwaka 1975 hawakuwa nayo. Mgodi wa dhahabu ni mteja anayeuza kwa fedha za kigeni, hununua mwaka mzima, na mahitaji yake yanajulikana miaka kadhaa kabla. Kiwanda kinachouza gololi mgodini huiokolea nchi dola za kununulia kipuri chake. Kitanzi kilichovinyonga viwanda vya wakati ule chaweza kulegezwa, ikiwa ununuzi wa migodi utatumiwa kwa makusudi.

KUNUNUA NDANI SI KUZALISHA NDANI

Itajibiwa kwamba jambo hili limekwisha tungiwa sheria. Kanuni za mwaka 2018 huitaka migodi itoe nafasi ya kwanza kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Ni kanuni njema, lakini ina tundu. Muuzaji aliyesajiliwa nchini, mwenye ofisi Mwanza au Geita, aweza kuagiza gololi kutoka bara jingine, akazipakua bandarini na kuziuza mgodini. Katika vitabu ununuzi huo utahesabiwa kuwa wa ndani. Katika maisha ya uchumi, kilichobaki ndani ni faida ya dalali na ujira wa dereva. Kipimo cha haki kisiwe jina la muuzaji bali mahali kitu kilipotengenezwa, na sehemu ya thamani yake iliyotokana na kazi ya Watanzania.

Itajibiwa pia kwamba bidhaa za ng'ambo ni rahisi zaidi, kwa sababu viwanda vya huko ni vikubwa mno. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Kumlazimisha mnunuzi anunue kitu kibovu kwa bei ya juu ni kosa lililokwisha fanywa, na gharama yake hatimaye huangukia kodi na mirabaha. Lakini bidhaa hazilingani mbele ya umbali. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Geita ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa kifaa kidogo cha thamani kubwa, kama kipimio cha maabara, umbali huo si kitu. Kwa gololi na chokaa, ambazo ni nzito na za bei ndogo, nauli ni sehemu kubwa ya gharama. Umbali wenyewe ni ngome, na kiwanda kilichojengwa Isaka, penye reli, au Kahama, kimo ndani ya ngome hiyo bila ushuru wowote wa forodha. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na vitu vizito na rahisi, wala si na vile vinavyopendeza kwenye hotuba.

Chuma chenyewe kitatoka wapi? Liganga, wilayani Ludewa, ina mlima wa chuma, na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayako mbali. Mkataba wa kuviendeleza ulitiwa saini mwaka 2011, lakini zaidi ya miaka kumi ikapita bila tanuri kuwashwa. Si lazima Shinyanga imngoje Liganga. Viwanda vya nondo nchini tayari huyeyusha chuma chakavu, na chuma chakavu chaweza kuwa gololi ikiwa mchanganyiko wake utapimwa na kurekebishwa. Kinachopungua zaidi ni maabara na mafundi sanifu, si mwamba.

MAFUNDI WASIOHESABIWA

Wala si kweli kwamba hakuna pa kuanzia. Katika miji ya Kahama na Geita, pembezoni mwa machimbo ya wachimbaji wadogo, mafundi wa kuchomelea hutengeneza makarasha ya kusagia mawe. Fundi huchukua bamba la chuma, hulikunja kuwa pipa, hulifunga mota au injini ya dizeli, na hujaza gololi ndani yake. Akiulizwa mchoro wake, ataonyesha kichwa chake. Karasha likivunjika, hutengenezwa siku hiyo hiyo na mtu yule yule aliyeliunda. Hapo, chini ya turubai, kuna kile ambacho mgodi mkubwa haukuzaa kwa miaka 20: kiwanda cha mashine kilichofungamana na mteja wake.

Karasha hilo lina kasoro za kuua. Husaga mawe makavu, na vumbi lake la silika huharibu mapafu ya vijana. Dhahabu baadaye hukamatwa kwa zebaki, na zebaki ikichomwa hupanda hewani na kuingia mwilini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Lakini zebaki haitaondoka kwa amri. Itaondoka pale mchimbaji atakapopata chombo kinachokamata dhahabu zaidi kwa gharama ile ile. Chombo hicho, na karasha linalosaga kwa maji bila vumbi, vyaweza kubuniwa na chuo cha ufundi kikishirikiana na mchomeleaji wa Kahama. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mamilioni ya dola. Unahitaji mtaalamu akubali kuketi chini ya turubai na kusikiliza.

MUDA HAUSUBIRI

Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Kahama siku ulipofunguliwa alikuwa bado hajaingia kidato cha kwanza ulipofungwa. Eneo lake limetengwa kuwa ukanda maalumu wa viwanda, na hilo ni jambo la busara. Lakini ingekuwa busara zaidi viwanda hivyo kuota wakati mgodi ungali hai na unanunua, kuliko kupandwa juu ya kaburi lake. Mgodi wa Nzega nao ulikwisha nyamaza. Geita na Bulyanhulu bado zinafanya kazi, na bei ya dhahabu imepanda sana katika miaka ya karibuni. Huu ndio wakati wa kuuza chuma na chokaa kwa mteja mwenye fedha.

Kila mwaka basi, pamoja na hesabu ya wakia zilizotoka na mirabaha iliyolipwa, yafaa taifa lidai hesabu ya pili: tani ngapi za gololi, chokaa, kaboni na baruti ziliingia migodini, na ngapi kati yake zilitengenezwa Tanzania. Hesabu hiyo ya pili ikipanda mwaka hadi mwaka, nchi inajenga viwanda. Isipopanda, nchi inachimba tu.

Mwalimu wa kidato cha tatu katika shule yoyote ya Shinyanga au Geita aweza kuianza hesabu hiyo bila kungoja wizara. Na awaagize wanafunzi waorodheshe vitu kumi vinavyopita barabarani kuelekea mgodini; kisha kwa kila kitu waulize malighafi yake ni nini, inapatikana wapi nchini, mashine gani inahitajika, na somo gani darasani linaeleza namna kinavyotengenezwa. Watagundua kwamba mengi yamo katika vitabu vyao vya kemia na fizikia. Watagundua pia ni wapi mnyororo umekatika, na pengine mmoja wao atakuja kuuunga.